Boti ya Mstari wa Kijani

Boti mbili zilikuwa juu ya matela yake, zimeegeshwa ubavu kwa ubavu kama mapacha waliovalishwa sare. Zote nyeupe, injini ya aina moja, urefu mmoja, na zote zina turubai la kukunja la kuzuia jua. Moja ilikuwa na mstari wa buluu, nyingine wa kijani. Mwanangu alikuwa amezizunguka kwa Jumamosi kadhaa bila kuchagua, na safari hii akatubeba wote: mke wake, binti yao, na mimi.

Hakusema kwa nini anataka boti. Ni fundi bomba, na mambo ya moyoni hana desturi ya kuyaeleza. Alisema tu kwamba tunaishi karibu na ziwa na hatulitumii. Lakini mimi ndiye niliyemzaa. Tangu mume wangu azikwe, nyumba yetu imekuwa kama nyumba ya wapangaji. Mkwe wangu anakula amesimama jikoni. Mwanangu anakula mbele ya televisheni. Mjukuu wangu, ambaye sasa ni msichana mkubwa, anabeba sahani yake hadi chumbani na kufunga mlango polepole, maana ana adabu. Mimi nabaki mezani, na viti vingine vyote vimesukumwa ndani vizuri.

Hakuna aliyegombana na mwenzake. Ni kwamba mzee ndiye aliyekuwa akituita mezani. Alikuwa anagonga kijiko kwenye kikombe, ti-ti-ti, hadi wote tutokee, na aliyechelewa aligongewa zaidi. Hatukujua kwamba ile ilikuwa kazi mpaka ilipokosa mtu.

Kwa hiyo nilielewa. Mwanangu alikuwa anatafuta mahali pasipo na milango, atuweke hapo. Na mimi nilitamani sana nami niwekwe. Boti sikuwa na haja nayo. Nilitaka kukaa tena na watu wangu.

Muuzaji alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kilemba cha maua. Pale uwanjani kila mtu alimwita Nahodha.

"Jina tu hilo," alituambia. "Mimi nikiguswa na wimbi natapika mpaka kesho yake. Ndiyo maana nauzia nchi kavu."

Mwanangu akaanza kumuuliza habari za injini. Nahodha akamkatiza kwa mkono.

"Baba, injini ni ile ile. Pandeni hii ya buluu, kila mtu akae pake, nyweni chai mpaka iishe. Simu zenu nipeni mimi. Halafu mpande ya kijani, mnywe tena. Mkishuka mtakuwa mmejua."

"Chai mara mbili?" mkwe wangu akauliza.

"Choo kiko nyuma ya stoo."

Boti ya buluu ilikuwa na kibaraza kipana nyuma, cha chini, karibu na ardhi. Niliingia kama mtu anayeingia sebuleni. Mwanangu alinitangulia na kunipangusia kiti cha nyuma kwa mkono wa shati lake.

"Hiki chako, Mama. Kina pa kuegemea. Na hapa pa kushika."

Kilikuwa kiti kizuri kweli. Wao wakaenda kukaa mbele, mwanangu kwenye usukani, mkewe kando yake, mjukuu wangu mstari wa kati. Viti vyote vya boti ile vilitazama mbele. Nikapewa chai yangu, nikaishika kwa mikono miwili, nikatazama visogo vitatu. Kisogo cha mwanangu nakijua tangu kilipokuwa laini cha kuogopa kukigusa. Sasa kina mikunjo, na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Nilitaka kumwambia, lakini mtu utamwambia nini kisogo?

"Sukari nyingi," mkwe wangu alisema.

Hakuna aliyemjibu. Tukanywa mpaka ikaisha.

Boti ya kijani haikuwa na kibaraza. Ubavu wake ulikuwa juu, na pa kupandia palikuwa na ngazi ya chuma tu, nyembamba, inayoning'inia. Niliitazama ile ngazi, nayo kama ikanitazama. Goti langu la kushoto halijakaa sawa miaka mingi.

"Pandeni tu," nikawaambia. "Mimi nitakaa hapa kwenye hewa."

Nahodha alienda ofisini akarudi na kiti cha plastiki, akakikung'uta vumbi, akakiweka upande wenye kivuli. Kisha akaniletea kikombe changu na kukifunika kwa kisahani ili nzi wasiingie. Mambo madogo kama hayo huwa siyasahau.

Kutoka pale chini niliona utosi wao tu. Lakini niliwasikia, maana viti vya boti hii vilikuwa vimezunguka vikitazamana, magoti kwa magoti.

"Baba, una mvi puani," mjukuu wangu alisema.

"Uongo."

"Mama, mwangalie."

"Mimi niliziona siku nyingi," mkwe wangu akasema. "Nilidhani ni pambo."

Wakacheka. Nilikaa wima kwenye kiti changu, kama mtu aliyesikia mlango ukibishwa.

"Babu asingekubali kukaa hapo ulipo," mjukuu wangu akaendelea. "Angetaka usukani."

"Babu yako? Hata baiskeli hakujua kuendesha."

"Ndiyo maana angetaka."

"Na angeuliza breki iko wapi," mkwe wangu akasema. "Angeuliza mpaka tufike."

Wakacheka tena, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Katika nyumba yetu hakuna aliyekuwa amemtaja tangu siku zile za msiba. Halafu nikasikia kijiko kwenye kikombe, polepole, ti-ti-ti. Sijui nani kati yao alikigonga. Chai yangu ilipoa chini ya kisahani chake, na nikajua jambo ambalo sikutaka kulijua: katika boti ya buluu nina kiti, na watu wangu hawasemi. Katika boti ya kijani wanasema, nami sina kiti.

Mwanangu alishuka kwanza, akaja kuchuchumaa mbele yangu.

"Tumeamua, Mama. Ya buluu."

"Mbona kwenye ya kijani ndiko mlikocheka sana?"

"Ngazi yake mbaya. Wewe hutaiweza." Aliondoa uzi uliokuwa umeshika begani mwangu, akauviringisha kati ya vidole. "Ya buluu unaingia bila kushikwa."

"Chukua ya kijani."

"Halafu wewe?"

"Nitawasubiri gatini. Mkirudi mnakuta chakula."

"Peke yako?"

"Nimezoea."

Nilitamani kulirudisha lile neno, lakini lilikuwa limeshatoka. Mwanangu alinitazama kidogo, kisha akainuka.

"Nimesema ya buluu," alisema kwa sauti ya chini, akaelekea ofisini. Mke wake akamfuata akimwita, "Mume wangu, ngoja basi, tuzungumze."

Uwanja ukatulia. Nilidhani wote wamekwenda. Nikafunua kikombe nikanywa ile chai baridi, kwa kuwa kuimwaga mbele ya aliyenipa si vizuri.

Ti-ti-ti.

Niliinua kichwa. Mjukuu wangu alikuwa bado juu ya boti ya kijani, ameegemea ukingo, kikombe mkononi.

"Mke mwenzangu," alisema.

Tangu akiwa mdogo ndivyo tulivyoitana, kwa sababu mzee alikuwa akimwita mke mdogo, na mimi nikamlalamikia kwamba ameoa bila kunitaarifu. Nilidhani utani ule tulimzika nao.

"Nakusikia," nikamjibu.

"Mume ametuacha sote wawili. Mbona wewe unajikalia huko chini kama mgeni?"

"Goti langu, mke mwenzangu. Ngazi ile si ya watu wazima."

"Goti hilo hilo juzi lilipanda juu ya kiti kufuta utando wa buibui darini."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwa nyuma yako nimekishika hicho kiti. Hukugeuka."

Siku ile nilifuta utando, nikashuka, nikakaa kitandani nikifikiri kwamba ningeanguka pale hakuna ambaye angejua mpaka jioni. Na mtoto alikuwa nyuma yangu muda wote, ameshika kiti kwa mikono miwili, kisha akaondoka kimya kimya ili asinitie aibu.

Alishuka akasimama nyuma yangu tena. "Weka mguu mzuri kwanza."

"Nikianguka?"

"Utaniangukia mimi. Mimi ni mnene."

Si mnene hata kidogo. Niliweka mguu, nikaomba kusukumwa, jambo ambalo sijazoea kuliomba. Akanisukuma kwa bega. Nikaingia ndani kwa tumbo kama samaki, kanga imepanda, sina heshima yoyote iliyobaki, nikakaa.

Alikuja kukaa kando yangu. Kiti kilichokuwa mbele yetu hakikuwa na mtu. Tulikitazama sote wawili.

"Angekaa hapo," akasema.

"Angekaa hapo alalamike jua."

Hakucheka. Alilaza kichwa begani kwangu muda mfupi, kisha akakiinua, kwa sababu wazazi wake walikuwa wametoka ofisini.

Mwanangu alisimama ghafla. "Mama, umepandaje?"

"Kwa miguu."

Mkwe wangu akaziba mdomo kwa kiganja.

"Lakini nimeshamwambia Nahodha aandike ya buluu."

Nahodha alikuwa mlangoni. "Sijaandika kitu, baba. Tangu mlipoingia natafuta kalamu."

Dirisha la ofisi yake lilitazama moja kwa moja kwenye boti ile. Na kalamu ilikuwa imechomekwa kwenye kilemba chake, ncha imetokeza kati ya maua. Tulitazamana mimi na yeye.

"Basi andika ya kijani," mwanangu alisema.

Tulirudi nyumbani jioni. Gari letu, kama magari yote, viti vyake vinatazama mbele. Hakuna aliyesema. Nikawa na visogo viwili mbele yangu tena, na nyumba ikitusubiri na milango yake. Mjukuu wangu, kando yangu, akavaa vile vidude vyake vya masikioni na kugeukia dirishani.

Tulipokata kona ya mtaa wetu akatoa kidude kimoja, cha sikio la upande wangu.