Kengele ya Mwisho wa Mstari

Mimi si mtu wa mizimu. Nimesimamia mitihani ya chuo kikuu miaka thelathini na sita katika mji huu wa kaskazini mwa Uswidi, na vituko nimeviona: waliozimia, waliolala wakakoroma, mmoja aliyeandika majibu kwenye ganda la ndizi. Ukiniletea mzuka nitamwomba kitambulisho, na kama hana, akasubiri nje na wachelewaji.

Lakini ile mashine naisikia.

Naisikia kwenye ukumbi mdogo tu, ule wa ghorofa ya tatu, wanakofanyia mtihani wanafunzi wenye kibali cha muda wa nyongeza: wasioona, wasiostahimili kelele, wale ambao herufi zinawachezea mbele ya macho. Ni mashine ya kuandikia nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole; ya chuma, yenye vitufe sita. Inagonga taratibu, na mstari ukikaribia kwisha inalia kikengele. Inaanza saa saba mchana, inanyamaza saa saba na dakika arobaini. Siku hizi hakuna mwanafunzi anayeileta. Wote wana kompyuta zinazowasomea masikioni. Hii ninayoisikia mimi iko kona ya dirishani, na kiti cha pale hakina mtu.

Kwa miaka nilijiambia ni masikio yangu, au mabomba ya kupashia joto. Uzee nao una visingizio vyake. Mpaka mwezi wa tatu mwaka huu, alipokuja Ylva.

Ylva haoni tangu kuzaliwa, anasoma sheria, na mdomo wake hauna kufuli. Siku hiyo alikuwa peke yake ukumbini. Nikamshika mkono nikampeleka mezani, nikamwekea maji, nikamtajia muda wake: saa nne za kawaida na mbili za nyongeza.

"Na wewe Ragnhild usinikoholee," akasema. "Mara ya mwisho ulikohoa mpaka nikajua unatumia dawa gani."

"Fanya mtihani, mwanangu. Kikohozi changu hakihitaji kibali."

Akacheka, akavaa vile vya masikioni, akaanza. Tulianza saa tatu asubuhi. Saa saba ilipopita kidogo akavivua, akageuza uso upande wa dirisha.

"Samahani," akasema kwa sauti ya chini. "Huyo wa kwenye kona, huwezi kumwambia apunguze kidogo? Kengele yake inanipotezea mawazo. Nilidhani niko peke yangu."

Nilikuwa nimeshika themosi ya kahawa, nikaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Kona gani?"

"Hiyo ya dirishani. Anatumia mashine ya zamani, tulikuwa nayo moja shuleni."

"Nitamwambia," nikasema.

Nikaenda kweli. Nilisimama mbele ya kile kiti kitupu, mzee mzima, nikanong'ona: "Jerker, mwenzio yuko kwenye mtihani." Mashine ikanyamaza. Ylva akasema ahsante, akaendelea na kazi yake.

Jerker Sandelin alikuwa na miaka ishirini na miwili. Naye alikuwa haoni, naye alikuwa anasoma sheria. Ilikuwa Ijumaa moja ya Aprili mwaka tisini na nne, na siku hiyo nilikuwa nimehamishiwa ukumbi mdogo kwa mara ya kwanza, kwa sababu msimamizi wake aliugua.

Kwetu ulemavu wa mtu ni siri yake. Hauandikwi mahali mpita njia atausoma. Kwa hiyo ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu ilikuwa inatuletea vibali ndani ya bahasha ya kahawia isiyoandikwa kitu juu. Wasimamizi wa ukumbi mdogo walilijua hilo. Mimi wa ukumbi mkubwa sikulijua, na kuuliza nilikuwa siulizi, maana nilijiona fundi. Nikadhani ni bahasha ya akiba, nikaweka themosi yangu juu yake nisichafue meza.

Saa saba nikatangaza muda umekwisha.

"Mimi nina saa mbili zaidi," Jerker akasema, bila kuacha kugonga.

"Kwenye orodha yangu huna."

"Kibali ofisini wanacho. Wapigie."

Nikapiga. Walikuwa kwenye kahawa, na Mswidi akiwa kwenye kahawa, hata paa liungue atamalizia kikombe. Nikapiga mara nne. Yeye akawa anagonga, swali la nne, la mwisho, na kila kikengele kilipolia nilizidi kupandwa na hasira. Nilikuwa nikiwacheka wasimamizi wenye huruma. Ilipofika dakika arobaini nikaenda nikaichomoa karatasi kwenye mashine, vidole vyake vikiwa bado kwenye vitufe.

"Kilichoandikwa baada ya muda hakihesabiwi," nikamwambia.

"Kibali kipo. Nakuapia kipo."

Hakubishana zaidi. Alifunga mashine yake, akachukua fimbo yake nyeupe, akatoka. Ndipo nikainua themosi nikusanye vitu, nikaona duara la kahawa kwenye ile bahasha, nikaifungua. Lilikuwamo jina lake, na saa mbili za nyongeza.

Ningeweza kumkimbilia. Kituo cha basi kiko hapo chini tu, na yeye hakuwa mtu wa kwenda mbio. Sikumkimbilia. Nilisema Jumatatu nitakwenda ofisini nieleze kwa utaratibu, kwa kuwa Ijumaa mchana watu akili zao ziko sauna, kwenye bafu zao za mvuke. Nikatia kibali na ile karatasi ya swali la mwisho mkobani. Jumapili jioni Jerker alitembea kwenye barafu ya mto, barafu ya Aprili iliyoanza kuyeyuka, ambayo hata mbwa haikanyagi, ikampasukia, akazama. Kama alipotea njia au alijiendea mwenyewe, hakuna ajuaye. Jumatatu sikwenda ofisini. Niliogopa, basi. Wala Jumatatu zilizofuata sikwenda.

Ile karatasi nimeificha kabatini chini ya vitambaa vya meza vya Krismasi, lakini kila siku ya ukumbi mdogo naichukua mkobani. Sijui kwa nini. Nukta nundu sizijui, sijawahi kujua imeandikwa nini.

Na yuko Elsy, mama yake Jerker. Ana miaka themanini na tisa. Alhamisi kanisani kuna kahawa ya wazee, na anayemimina ni mimi. Elsy ana habari moja tu. "Alinipigia simu ile Jumamosi," husema. "Akaniambia, mama, sikumaliza. Nikamgombeza. Nikamwambia nimechoka na visingizio vyako, wenzako mbona wanamaliza? Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake." Nami humjibu, "Kunywa, Elsy, inapoa."

Basi siku ile Ylva alipomaliza na kutia vitu vyake mfukoni, nilimwekea ile karatasi ya Jerker mezani. Sikujua nitafanya hivyo mpaka nilipokwisha kufanya.

"Nisomee hii, mwanangu. Tafadhali."

Akapitisha vidole, mstari kwa mstari. "Ni swali la jirani aliyekata mti usio wake. Hili hata sisi tulipewa mwaka jana, likatutoa jasho." Akarudi juu, akasoma tena. "Huyu anajua. Ya nani hii?"

"Amemaliza?"

"Amemaliza. Hapa ameandika mwisho wa jibu la nne. Kilichokatika ni namba yake ya mtihani tu, alikuwa ndiyo kwanza anaiandika. Swali hili amelipata, Ragnhild, tena vizuri. Ni nani?"

"Yule wa kwenye kona."

Ylva aliondoa vidole kwenye karatasi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Basi mrudishie," akasema.

"Hayupo wa kurudishiwa."

"Wapelekee wa kwao. Mimi karatasi yangu ikikaa kwako hivyo, nisingekuacha ulale."

Kesho yake nikaenda kwa Elsy, kwenye nyumba ya wazee. Nilimwekea karatasi na kibali mapajani. Nilikuwa nimesahau kwamba mwanawe alipokuwa na miaka sita, Elsy alijifunza nukta nundu ili wasome pamoja. Alivua pete, akaanza kusoma kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Kitufe chake kimoja kilikuwa kimechoka," akasema. "Nukta ya tatu ilikuwa haitokezi vizuri. Ona."

Alisoma muda mrefu sana. Alipofika mwisho alirudi nyuma mistari miwili, akaja tena.

"Amemaliza."

"Amemaliza, Elsy."

Nikamwambia yote: bahasha, themosi, simu nne, kituo cha basi. Sikujitetea. Alinisikiliza akiwa ameweka kiganja juu ya karatasi.

"Zile saa zilikuwa haki yake."

"Zilikuwa haki yake."

"Na mimi nikamgombeza."

Akachukua pete yake, akaivaa tena.

"Miaka thelathini na moja unanimiminia kahawa," akasema. "Unanisikia nikisema yale yale. Unaniambia inapoa."

"Ndiyo."

"Nenda zako, Ragnhild. Karatasi iache."

Wiki iliyofuata nilipangiwa ukumbi mdogo tena. Saa saba ilipofika niliacha kazi zangu nikasikiliza. Dakika arobaini zikapita, kona ya dirishani kimya kabisa. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu nina nywele nyeusi, nikidhani nitafurahi. Badala yake nilijikuta nimesimama mbele ya kile kiti, nimeinama, nikimwita Jerker kwa jina lake, na wanafunzi wawili wenye kibali wakanyanyua vichwa kuniangalia.

Alhamisi nilibeba birika kama kawaida. Elsy alikuwa amekaa meza ya mwisho, na nilipomfikia alifunika kikombe chake kwa mkono.