Kati ya Spika Mbili

Mkewe alikuwa amekwenda kwa binti yao kumsaidia kulea mtoto mchanga, akae mwezi mmoja tu, arudi. Wapi! Mtoto aliota meno, akatambaa, akaanza kushika viti na kusimama, na bibi yake bado yuko huko huko. "Nakuja, baba, nakuja," alikuwa akimwambia mumewe kwenye simu, na nyuma yake unasikia sufuria zinagongana, watu wanacheka, mtoto anapiga kelele. Simu ikikatika, fundi wa lifti mstaafu, ambaye mtaani walimwita Mzee Waya, alibaki na friji. Siku nzima friji ndiyo iliyokuwa ikiongea naye.

Usimcheke. Upweke ukikukamata mchana kweupe, utafanya vituko tu. Wengine hunywa, wengine hutafuta ugomvi na jirani. Yeye alinunua amplifaya.

Tena si hizi za siku hizi unazobeba kwapani. Ilikuwa ya zamani, ya taa: chuma kizito cha kuvunja mgongo, juu yake zimesimama taa za kioo ambazo zisipopata moto kwanza husikii kitu. Aliyemuuzia alikuwa muuza vyombo chakavu aliyejiita Dokta, ingawa hakuwahi kumtibu hata paka.

"Sikiliza, mzee wangu," Dokta alimwambia. "Usiiwashe kabla hujaunga spika, utaiua. Halafu ukishaziweka spika, katikati yake pasiwe na kitu. Hata stuli! Wewe kaa mbele, umbali sawa kushoto na kulia. Mwimbaji atatoka ndani ya spika, aje asimame pale katikati. Utamwona."

"Nitamwona?"

"Utaapa."

Basi mzee akaingia kazini. Alifungua mfuniko, akapuliza vumbi la miaka, akasafisha miguu ya kila taa kwa spiriti, akairudisha kwenye soketi yake taratibu. Alipowasha, spika zikatoa mvumo, vuuu, mvumo wa kukera kabisa. Akautafuta mvumo ule siku baada ya siku, jasho linamtoka, mpaka akaukuta: waya wa arthi, ule wa kupeleka umeme ardhini, ulikuwa umelegea. Akaulehemu kwa risasi iliyoyeyushwa. Kimya! Spika zikatulia tuli.

"Mama, umesikia?" alipaza sauti kuelekea jikoni kumwita mkewe, furaha imemjaa.

Jikoni hakukuwa na mtu. Alikaa chini palepale sakafuni, bisibisi mkononi, akajionea huruma.

Sasa kilibaki kiti. Chini ya dirisha, katikati kabisa ya spika zile mbili, kilikuwapo kiti cha mkewe, kile kipana cha mikono, mto wake umebonyea kwa kukaliwa. Mama alikipenda kwa sababu ya mwanga. Hapo ndipo alipofumia sweta zake, na hapo ndipo alipowagombeza wasomaji habari redioni kana kwamba wanamsikia. Mzee alikisukuma ukutani, hakikuenea. Akakitoa ukumbini, kikaziba njia, akajigonga goti. Mwishowe akakibeba mpaka getini, ambako mlinzi alikuwa akikalia ndoo iliyopinduliwa.

"Kalia kwa muda tu," alimwambia.

"Mungu akuzidishie, mzee," mlinzi akasema, akakaa kabla hakijatulia vizuri.

Mzee akarudi ndani, akaweka santuri kwenye gramafoni, akakaa. Jamani! Mwanamke aliyekuwa akiimba alisimama pale chini ya dirisha, mzima mzima, unasikia hata akivuta pumzi. Mzee alilia. Tangu siku hiyo kila alasiri alikuwa na mgeni, na miguu ya kiti chake mwenyewe akaichorea chaki sakafuni kisihame hata kidogo.

Ndipo simu ikalia. "Jumamosi narudi na mabegi yangu yote," mkewe alisema. "Nimechoka kukaa kwa watu. Nataka nyumbani kwangu."

Mzee nusura arukeruke. Jumamosi alifagia, akapiga deki, akaiwasha amplifaya mapema ili mama akifika taa ziwe zimeshapata moto. Alisikia teksi ikisimama. Alimsikia mkewe akizungumza na mlinzi, akadhani ni salamu tu.

Mkewe aliingia na mkoba wa mkononi. "Mabegi yako kwenye teksi," alisema.

"Yaache kwanza, nitayafuata. Kaa usikilize!"

Mkewe akakaa kwenye kiti kile kimoja, na mzee akasimama nyuma yake. Wimbo ukaanza. Mama akainamisha kichwa upande, akasikiliza kwa makini.

"Yuko pale," akasema.

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Amesimama palipokuwa na kiti changu."

"Eeeh! Umemwona!" Mzee alipiga makofi. Mjinga huyu, alipiga makofi!

Mkewe akageuka kumtazama. "Na mimi nikae wapi?"

"Hapo hapo ulipo. Mimi nitasimama."

"Mpaka lini, baba?"

"Kiti chako kipo, mama, nilikitoa kwa..."

"Najua kilipo. Nimekipita getini. Mlinzi wa watu alitaka kunipisha, nikamwambia akae."

Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka, mzee angejua la kujibu. Mkewe alimuuliza kama anameza dawa zake, akanywa maji, akaosha glasi na kuifunika, kama wafanyavyo wageni wenye adabu. "Nitakuja tena kukuona," alisema, akamgusa bega. Teksi ikaondoka na mabegi yake ambayo hayakushushwa hata moja.

Mzee alishika njia mpaka getini. Mlinzi alipomwona tu alisimama bila kuulizwa. Mzee akakibeba kiti, kinamgonga miguuni, akakirudisha chini ya dirisha, katikati ya spika. Akaweka santuri ile ile, akarudi kwenye alama zake za chaki, akatega sikio. Alitaka kusikia jinsi kiti kinavyoiharibu sauti. Alitamani kiharibu, hata kidogo, apate la kumwambia mkewe.

Sauti ilitoka safi. Pumzi zilisikika zote. Mwanamke yule aliimba vilevile, mahali palepale, kiti kipo, wala hakikumzuia chochote.

"Mama," mzee akasema, "umesikia?"

Friji ikaanza kunguruma.