Sekunde Ishirini na Sita

Fundi cherehani alikuwa mnene, na hilo hakulifanya siri. Pumu nayo alikuwa nayo tangu utotoni, wakazoeana. Ila mwaka huu ilimvaa vibaya. Pampu za kuvuta dawa, ya asubuhi na ya jioni, hazikumsaidia kitu, na mchana usingizi ulimwiba akiwa kazini, mpaka akashona kola ya mteja kichwa chini miguu juu.

Kliniki alikwenda na mumewe. Daktari, mwanamke mpole, alimgeukia mume. "Baba, akilala anakoroma? Pumzi huwa zinakatika?"

"Hapana, daktari," mume alijibu bila kupepesa macho. "Analala vizuri tu."

Daktari akaamini, maana nani mwingine wa kuulizwa? Akaongeza dozi. Miezi mitatu fundi alivuta dawa mpaka mikono ikatetemeka, na hali ikabaki ile ile.

Jumapili moja mchana alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akimpimia wifi yake gauni. Wifi akacheka. "Jenereta wetu leo kazima kabisa, hata hasemi."

Fundi alitema pini kiganjani. "Jenereta ndiye nani?"

Wifi akashtuka. Alidhani fundi anajua, kwa vile ukoo mzima ulimwita hivyo. Akafungua kundi la familia kwenye simu, akamchezea sauti aliyoituma kaka yake. Mkoromo ulinguruma, ukakatika kabisa, kisha ukawaka kwa kishindo. Chini yake ndugu walikuwa wamejaza vicheko. Ilitumwa wiki mbili kabla ya kliniki.

Moyo ulimuuma fundi kuliko kifua. Kuchekwa alishazoea. Lakini bwana huyu alijua, akaulizwa uso kwa uso, akakana.

"Nitumie hiyo, wifi."

Alipomuuliza, mume alijitetea. "Mke wangu, ningesemaje mbele ya daktari? Ungeaibika." Kumbe aibu ilikuwa kwa daktari mmoja, kwa ukoo mzima hakuna neno.

Safari ya pili alikwenda peke yake. Daktari alisikiliza mkoromo ule kwenye simu huku akitazama saa ya ukutani. "Sekunde ishirini na sita hujavuta pumzi, mama." Akamweleza kwamba mtu mnene koo huweza kuziba akiwa usingizini, na mwenye pumu hali hiyo humchokoza kifua zaidi, kwa hiyo pampu peke yake isingetosha. Angepimwa usingizi, na huenda angepewa mashine ya kumsukumia hewa akilala.

Kisha daktari akaongeza sauti ya simu, akarudia pale penye kimya. Chumba kilikuwa kimetulia, hakuna wifi wa kucheka. Ndipo fundi alipoisikia sauti ya mumewe, ya chini, yenye furaha: "Subirini, subirini, sasa hivi itawaka."

Daktari alizima simu. "Hakukuamsha?"

"Hapana," fundi alisema. "Alikuwa anarekodi."