Harufu ya Udi Mezani

Sumayiya alilikumbatia lundo la chipu kwa mikono miwili, akalivuta kifuani kama mtu anayevuna, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Kaka yake, Abdul-Karim, alikuwa ametoka mchezoni. Zilizokuwa zake sasa zilikuwa za dada mtu. Katika mashindano haya ya poka, vile visahani vya rangi si fedha, ni pumzi: vikikuishia, unainuka kitini. Mchana huo wa Jumapili, pale ghorofani Kamwokya, kati ya wote walioanza jana walikuwa wamebaki wawili tu, yeye muuza unga wa soko la Kalerwe, na Khisa, Mkenya mwenye duka la vipuri. Mshindi angekwenda Nairobi kuichezea Kampala.

"Nyabo, usizimeze zote!" Khisa alimtania, akimwita bibi kwa Kiganda. "Tubakizie hata za kuonja."

Alicheka, akainama kuzipanga. Hapo ndipo harufu ilipomjia.

Udi. Tena si udi wa dukani. Ulikuwa udi wa mama yao, uliochanganywa na karafuu na sukari iliyounguzwa hadi ikakaribia kuwa chungu. Katika nyumba zote za Wanubi wenzao alizowahi kuingia, hakuna nyingine iliyonukia hivyo.

Jana jioni mama aliweka chetezo chini ya tenga na kutandaza nguo juu yake, kama afanyavyo kila mwisho wa juma. Abdul-Karim alikuwa anaoga. Mama akalitungua koti lake msumarini bila kumwuliza, akalifukiza, mifuko na yote, pamoja na nguo nyingine. Kijana alipotoka bafuni alilinyakua kwa pupa, "Mama, hili hapana!" nao wakamcheka, wakidhani anaona haya kunukia kama bwana harusi.

Lakini chipu hulala hapa hapa, zimefungiwa katika kabati la msimamizi. Zilifikaje kwenye moshi wa mama?

Kisha akakumbuka kicheko kingine. Jana hiyo hiyo Khisa alirudi kutoka mapumzikoni akalalamika kwamba lundo lake limepungua. Aliyekaa ubavuni pake alikuwa Abdul-Karim. Meza nzima ilimzomea, na aliyepiga kelele kuliko wote ni Sumayiya: "Zimeota miguu, sebo! Kazifuate Nairobi!"

Karata ziliteleza mbele yake. Akazifunua pembe kwa kidole gumba. Ree ya kopa. Na nyuma yake, ree ya shupaza! Hakuna karata mbili za kuanzia zinazozidi hizo. Damu ikampanda hadi masikioni.

"Naingiza zote," Khisa akasema, akisukuma chipu zake katikati.

Watu waliruka kutoka vitini. Sumayiya alihitaji kutamka neno moja tu la kukubali. Hata karata zikimgeuka, lile lundo la udi lingembakiza mezani. Akaiona Nairobi, akasikia jina lake likitangazwa. Na nani angejua? Pua ilikuwa yake peke yake. Alipoinua macho alimwona Abdul-Karim nyuma ya Khisa, kidole gumba juu, uso umemng'aa. Alikuwa anamfurahia kweli, na hilo ndilo lililomchoma. Maana katikati ya shangwe zile aliisikia sauti yake mwenyewe ya jana, ikimcheka mtu aliyeibiwa.

"Mzee Otema," alimwita msimamizi. "Naomba unuse hizi."

"Ninuse?"

"Nusa. Halafu nusa hizi zangu za tangu asubuhi."

Otema akanusa huku, akanusa kule. "Hizi zinanukia arusi," alisema, na watu wakaangua kicheko. "Ndiyo kusema nini, nyabo?"

Kumtaja ndugu wa tumbo moja mbele ya kadamnasi! Sumayiya alimtazama tu kaka yake. Kidole gumba cha Abdul-Karim kikashuka. Polepole akaivuta kola ya koti lake hadi puani, akafumba macho.

"Mwacheni," akasema. "Ni mimi. Nilizichukua kwa Khisa jana. Nilitaka mmoja wetu afike Nairobi."

"Na mimi nikaambiwa zimeota miguu!" Khisa alinguruma.

Ikawa vurugu tupu. Chipu zilichambuliwa kwa pua, watu wakigombania kunusa: "Hii ya arusi!" "Wapi! Hiyo ni jasho lako!" Lundo la Khisa likanenepa, la Sumayiya likakonda. Sasa akishindwa duru hii, anainuka. Otema alimwonyesha Abdul-Karim mlango, akamgeukia Khisa.

"Karata zibaki zilivyo. Wewe unaweza kurudisha neno lako."

"Nirudishe nini?" Khisa akasukuma lundo lote. "Zote, dada. Na za udi pia."

Abdul-Karim alikuwa amefika mlangoni, koti mkononi.

"Kaka," Sumayiya aliita bila kugeuka. "Usiende mbali. Tutarudi pamoja."

Hatua zake zilisita kwenye ngazi.

Sumayiya alizisukuma chipu zake katikati, hata moja asibakize, kisha akanusa viganja vyake. Havikunuka kitu ila jasho. Moyo ulimdunda kuliko ulivyodunda siku nzima, akatamani usitulie.

"Nimekubali," akasema.

Mgawa karata akagonga meza, akaanza kufunua zile za kuamua.