Kiti cha Einar na Dada wa Hakimu

Hapa kwetu Ziwa Tamarak wageni wa kiangazi huwapigia makofi waigizaji, na sisi wenyeji tunavipigia makofi vyombo. Kila Juni chuo huleta vijana wake, wanacheza katika banda la zamani la boti, kila Jumanne mchezo mpya, mpaka michezo tisa imekwisha na Agosti imekwisha nayo. Vyombo vya jukwaani huviazima majumbani mwetu. Pazia likifunguka utasikia mtu ananong'ona, "Taa ya Opal ile," na makofi yanaanza kabla mwigizaji hajatia mguu.

Mwaka ule walichukua kiti cha kubembea cha marehemu mume wangu, Einar, alichokichonga kwa mkono wake. Kilitoka katika mchezo wa saba, makofi yakawa mengi hata mwigizaji akangoja. Nililia, sitaficha. Profesa Lundeen, mkuu wao, akasema kitatoka tena katika mchezo wa nane, nami nikalitangazia kanisa zima. Jirani yangu Opal, ambaye taa yake ilishatoka mara nne, nilimshikia nafasi ya mbele kabisa.

Msichana mmoja wao, Maribeth, binti wa mfuga batamzinga, alikuwa analala kwangu. Wiki sita alipaka rangi mbao na kugongomea misumari. Wiki ya saba ndipo akapewa kuwa mama mjane, aliyeketi kwenye kiti kile cha Einar, na ya nane kuwa dada wa hakimu. Profesa alimwambia wazi: akiushika huu wa nane vizuri, Septemba anaingia darasa la waigizaji. Akiuboronga, atarudi kwenye ualimu aliochaguliwa na baba yake.

Jioni alicheza mchezo wa saba, mchana akajifunza wa nane. Kazi yao ndivyo ilivyo, ulimi mmoja michezo miwili. Jikoni kwangu, huku akimenya mahindi, aliyasema maneno ya dada wa hakimu yote, nami nikimfuata kwa kidole kitabuni. Hakukosea hata neno.

Mazoezi yao huyafanyia nyuma ya banda, kwenye nyasi, wakikalia masanduku. Vyombo vyenyewe huvikuta Jumanne adhuhuri, siku ileile ya kufungua. Basi Jumanne ya mchezo wa nane nilikuwa nimekaa pembeni nikipinda gauni lake. Maribeth akaingia, akasema vizuri, akaketi kwenye kiti cha Einar. Kikabembea mara moja tu, na kinywani mwake akatoka yule mjane wa wiki iliyopita: "Baba yenu hakuaga, aliacha kofia msumarini."

Wenzake wakacheka. Profesa akamwambia arudie. Akarudia, akaketi, mjane akatoka tena. Mara ya tatu alifunika uso.

Profesa hakufoka, na afadhali angefoka. Alinigeukia taratibu. "Mama Hulda, gauni hilo mpunguzie Joyce kiunoni." Joyce ndiye aliyekuwa amejifunza maneno yale kama mwigizaji wa akiba.

Nilikaa na sindano mkononi. Nimekamua ng'ombe miaka arobaini. Ng'ombe aliyezoea chumba cha kushoto, hata ukimwita kulia kwa pumba, miguu inampeleka kushoto. Nikaona kosa la mtoto yule halikuwa kichwani. Lilikuwa mgongoni, pale kiti kilipomgusa.

Kwetu mwenye chombo anaweza kukitwaa saa yoyote pazia likiwa bado limefungwa, wala haulizwi. Sijapata kuona aliyefanya hivyo. Nikapanda jukwaani, nikamwambia Profesa nakichukua kiti changu.

"Leo? Watu wa kanisani kwenu wote wanakuja kukiona."

"Najua. Mpe benchi lile la nje, lisilobembea. Umsikilize mara moja, ndipo nitalipunguza gauni."

Maribeth akanishika mkono. "Bibi, usifanye hivyo. Kiti cha babu hiki."

"Babu yako alichonga kiti cha kukalia, hakukichonga kikukoseshe nafasi. Nenda ukakae."

Akakaa. Benchi halikutikisika, na dada wa hakimu akasema mpaka mwisho, kwa ukali wake wote. Profesa alitazama gauni mapajani mwangu. "Pinda tu, Mama Hulda," akasema. "Kiuno kiache."

Jioni jua likiwa bado juu ya ziwa, pazia likafunguka, taa ya Opal ikapigiwa makofi yake ya tano. Opal akaniinamia. "Cha Einar kiko wapi? Kimeachishwa kazi?"

"Kinapumzika barazani."

"Yaani umetukusanya tuje kutazama benchi, Hulda?"

Nikamwambia angoje atakayelikalia. Maribeth akaingia, akaketi. Maneno yakatoka yaliyo yake, moja baada ya jingine, mpaka Opal akasahau kunichokoza.

Mwishoni watu walisimama. Opal, akipiga makofi, akaniuliza sikioni kama tunavyoulizana siku zote juu ya vyombo: "Yule wa nani?"

"Wa kwangu," nikasema.