Boriti Iliyopungua Shubiri

Theluji ilipoyeyuka, Steinvör alikwenda kufunga lango lililotenga malisho yake na ya jirani yake, Ásbrandur. Aliisukuma boriti kuelekea nguzo ya pili, ikabaki inaning'inia. Ilipungua shubiri nzima.

Ndani, kondoo watatu walikuwa wanakula nyasi zake. Hakuhitaji kutazama masikio yao mara mbili. Alama ilikuwa ya Ásbrandur. Nyasi zile zikiliwa sasa, hatakuwa na cha kukausha, na kondoo wake hawatavuka baridi ijayo.

Akamfuata jirani yake zizini.

"Ásbrandur, msumeno wako unakata vizuri?"

"Wataka kuazima?"

"Nataka kujua boriti yangu imekosa nini."

"Mama we! Wanishuku mimi, na majira yote ya baridi nchi imekuwa ikitetemeka?"

"Tetemeko linavunja vikombe. Halikati miti."

Walikwenda wote langoni. Boriti ile babu yake Steinvör aliiokota ufukweni, ilipotupwa na bahari, akaichoma chapa ya ukoo kama wafanyavyo watu wa pwani ile. Aliichoma ncha zote mbili, maana aliwajua majirani. Ásbrandur akafuta tope. Chapa ya huku ilikuwapo. Ya kule pia.

"Haya, nimekata katikati nikaigundisha?"

Steinvör akaigeukia nguzo. "Basi umesogeza nguzo."

Akapiga magoti. Ukoga wa kijani wa miaka mingi ulikuwa umeizunguka nguzo mpaka kwenye mwamba, haukuguswa. Lakini katikati ya lango, chini ya majani makavu, palikuwa na ufa. Alitumbukiza mkono, akautoa upesi. Mle ndani mlikuwa na joto.

"Mtaalamu wa miamba alisema redioni," Ásbrandur akaanza.

"Shahidi wako redio!"

"Sikiliza basi. Dunia ndani ni moto. Huku juu ni kama utando wa maziwa jikoni, umepasuka vipande, na vipande vinatembea. Katikati ya bahari sakafu inaachana, mwamba mpya unapanda kujaza pengo, na bahari inazidi kuwa pana. Mpasuko huohuo unapanda nchi kavu hapa kwetu. Nguzo hii inakwenda mashariki, ile magharibi."

"Na kondoo wako wanakwenda kwenye nyasi zangu."

Ásbrandur akacheka, akawatoa. Kisha akaleta kipande cha mti chenye chapa yake mwenyewe, wakakiunga kwenye boriti kwa misumari. Lango likafungika.

Usiku Steinvör hakutulia. Utando wa maziwa! Na ikiwa amefupisha kile kipande ili kesho lango lilegee?

Alfajiri alitoka kwenda kupima. Akamkuta Ásbrandur ametangulia, amechutama langoni, anapapasa ncha yenye chapa yake.

"Naangalia dunia tu," akasema.

"Hata mimi," akajibu Steinvör, akachutama upande wa pili.