Alama za Chaki Ngazini

Daktari yule hakunipenda tangu siku ya kwanza, nami nikamchukia maradufu. Mwaka mzima nilipanda mizani yake, akasoma kilo, akaandika "kiungulia", akanipa dawa ya asidi na maneno yale yale: "Punguza kula, mama. Inuka utembee." Kila nilipokwenda, alinakili alichoandika mara ya mwisho.

Kiungulia ninacho, sikatai. Nikilala nimeshiba, uchungu hunipanda hadi kooni. Lakini moto huu mwingine ulinikamata ngazini tu, ukabana kifua hadi taya, nikisimama unaniachia. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu iko ghorofa ya tatu, na sisadiki kitu nisichokipima. Basi kila uliponikamata, nilichora alama ya chaki ukutani. Mwezi wa kwanza, ngazi ya arobaini. Wa pili, ya ishirini na sita. Juzi, ya tisa.

Nilimweleza yote. Hakuinua uso.

"Kiungulia," akasema, kalamu inaandika. "Mnakula, halafu mnalalamika."

Damu ikanichemka. "Daktari, asidi inajua ngazi? Mbona nikishiba nimekaa huu moto hauji, nikipanda ngazi tisa sijatia kitu tumboni unakuja?"

"Mama, kuna watu nje."

"Wangoje! Baba yangu alianguka kwa moyo ana miaka hamsini na moja. Mimi nina hamsini. Umewahi kuniuliza?"

"Kipimo cha moyo kiko ghorofani. Ukikitaka, panda."

"Sipandi. Na hapa sitoki." Nikashika kiti kwa mikono miwili. Kwa mwili huu, aniondoe nani?

Akasonya. Akamwita nesi ashushe mashine, kwa sauti kubwa ili foleni nzima isikie aibu yangu. Nesi akanibandika nyaya kifuani. Karatasi ikatoka, daktari akaichukua huku kejeli imemjaa mdomoni.

Akaisoma. Akairudia tangu mwanzo. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanitazama usoni. Niliogopa, sifichi, ila hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Nikaanza kuinuka nimpokonye karatasi yangu.

Akanishika bega, akanirudisha kitini.

"Mama, tafadhali," akasema. "Usiinuke. Usitembee hata hatua moja."